Boti ya familia: mashine ya nje au ya ndani? Mimi nasema ya nje, na sababu ni hizi

Leo tunaacha kidogo mambo ya kupiga picha bidhaa na kujibu wateja usiku wa manane, tunaingia majini. Usipite haraka ukasema "mimi siuzi boti". Subiri kwanza.

Wengi wetu hapa Sumbawanga tunauza mtandaoni vitu vinavyotoka ziwani au vinavyoshuka ziwani. Migebuka mikavu na dagaa kutoka Kirando, Kabwe, Kipili na Kasanga vinapanda huku juu, vinapakiwa kwenye basi kwenda Mbeya, Dodoma na Dar. Maharage, mahindi, sukari, sabuni, nguo na vyombo vinashuka kule chini. Barabara ya Sumbawanga, Matai hadi bandari ya Kasanga ni kilometa 112. Ukifika mwisho wa barabara, biashara inaendelea majini, na hapo mzigo wako uko mikononi mwa mwenye boti.

Ndo maana siku hizi utasikia familia inasema: "Tuchange, tununue boti yetu wenyewe." Wazo si baya. Boti ya familia yenye sitaha pana mbele inabeba watu, inabeba magunia, na siku ya mapumziko inabeba watoto. Wakati huohuo kwenye simu zetu zinapita picha za boti zilizotumika, nyeupe, zenye viti vya kulalia na bei inayoshawishi. Nyingi ya hizo za bei ya kushawishi, ukiangalia nyuma huoni mashine. Mashine imefichwa ndani.

Hapo ndo swali linaanza. Ununue yenye mashine ya nje, au ile iliyofichwa? Msimamo wangu nautoa mapema: kwa familia ya Ufipa inayofanya biashara ndogo, nunua ya nje. Nitaeleza kwa nini, na pia wapi wenzangu wanaonipinga wana haki.

KWANZA TUELEWANE MAJINA

Mashine ya nje, wengine wanaiita autibodi, ni ile inayoning'inia kwenye mbao ya nyuma ya boti. Kichwa cha injini, gia na propela viko pamoja kwenye mwili mmoja. Unaifunga, unaifungua, unaiinua ikifika kwenye maji mafupi. Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Marekani, alianza kuziuza za kwake mwaka 1909, na umbo lake mpaka leo halijabadilika sana.

Mashine ya ndani kabisa ni ile ya dizeli inayokaa katikati ya boti, ikazungusha fimbo ndefu ya chuma inayopenya chini na kutokea kwenye propela. Hizi mnazijua, ndizo ziko kwenye maboti makubwa ya mbao ya mizigo.

Halafu kuna ya tatu, na hii ndo inayochanganya watu. Injini iko ndani, nyuma kabisa, lakini imeunganishwa na mguu unaotokeza nje kupitia tundu kubwa kwenye ukuta wa nyuma wa boti. Tuiite mashine ya mguu. Kampuni ya Volvo Penta iliileta sokoni mwaka 1959, na kwa miaka mingi boti za familia za Marekani zilijengwa hivyo. Sasa zimezeeka, wenyewe wanaziuza, na ndizo picha unazoziona.

Ushindani wa leo ni kati ya ya nje na hii ya mguu. Ile ya dizeli nitaigusa mwishoni, maana ina kazi yake.

WANAOSIFIA MASHINE YA MGUU WANASEMA NINI

Tusiwaonee. Wana hoja nne nzuri.

Moja, nyuma ya boti kunakuwa wazi. Watoto wanakaa, unapakua mzigo bila kuruka mashine. Kwa boti ya familia hilo si jambo dogo.

Mbili, haipigi kelele sana kwa sababu imefunikwa.

Tatu, si rahisi kuibiwa. Mwizi hawezi kuibeba begani usiku. Kwenye Ziwa Tanganyika, ambako wizi wa mashine ni shida inayojulikana, hoja hii ina uzito.

Nne, na hii ndo inayouza boti nyingi: "Injini yenyewe ni ya gari, fundi yeyote wa gari ataitengeneza." Ni kweli kwamba nyingi zimetokana na injini za magari ya Kimarekani. Hapa lakini kuna mtego, nitaurudia.

SABABU YANGU YA KWANZA: TUNDU

Boti yenye mashine ya nje haina tundu kubwa chini ya usawa wa maji. Ya mguu inalo, na kinachozuia ziwa lisiingie ni mpira wenye mikunjo, kama ule wa kwenye ekseli ya gari. Mpira huo unazeeka kwa jua, kwa umri, na kwa kukaa bila kazi. Watengenezaji wanasisitiza ukaguliwe na ubadilishwe kwa ratiba. Ukipasuka, maji yanaingia polepole pale ambapo huoni, chini ya kifuniko cha injini. Unalala boti ikielea, unaamka imekaa chini.

Sasa niambie. Mpira wa mashine ya Kimarekani ya miaka 25 iliyopita utaupata wapi Namanyere? Utaupata Matai? Utaagiza. Wiki ngapi? Na kuubadilisha lazima mguu mzima ung'olewe na boti itolewe majini. Kirando au Kasanga hakuna winchi inakungoja. Utakusanya vijana, mtavuta na magogo.

Tusisahau pia ziwa lenyewe. Tanganyika lina kina cha meta 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, na duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Kwenye ziwa hili maeneo mengi yenye kina hayako mbali na ufuko. Kitu kinachozama hapa hakirudi.

SABABU YA PILI: FUNDI YUKO WAPI

Mashine ya nje ikigoma, unaifungua boti ikiwa mwaloni, watu wawili wanaibeba, inapanda kwenye gari hadi kwa fundi. Ile ya HP 40 ya mtindo wa zamani ina uzito wa kilo 70 na kitu hivi, kama gunia la mahindi lisilojaa sana. Boti inabaki, na ukikodi mashine ya jirani unaendelea na safari.

Ya mguu ikigoma, fundi ndiye anayeifuata boti. Utamlipia nauli, chakula, malazi, na akifika akisema "nimesahau spana fulani", mnaanza upya.

Ongeza na hili: wavuvi wa ziwa letu wenye mashine wengi wanatumia ya nje. Kwa hiyo plagi, propela, pini na vifaa vya pampu ya maji vinazunguka mikononi mwa watu. Kila mwalo una kijana anayejua kuifungua. Soko la vipuri linakwenda pale watu walipo wengi. Hii ni kanuni tunayoijua sisi wauzaji: usinunue kifaa ambacho wewe ndo mteja pekee wa vipuri vyake mkoa mzima.

Na ule mtego wa "injini ya gari" ni huu. Boti imefunikwa, haina upepo wa kupita chini kama gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutulia kwenye tumbo la boti. Ndo maana starta, altaneta na vifaa vya umeme vya mashine ya ndani vinatengenezwa visitoe cheche nje, na boti hizo zina feni maalumu ya kutoa mvuke kabla ya kuwasha. Fundi wa gari akikufungia starta ya gari kwa sababu "inaingia", umepanda juu ya bomu pamoja na watoto wako. Mashine ya nje iko hewani, mvuke wake unapeperuka. Bado tenki na madumu vinataka tahadhari, lakini hatari haifungiwi kwenye sanduku.

SABABU YA TATU: MWILI WA BOTI UNAISHI KULIKO INJINI

Wote tunaijua MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande hadi Kigoma, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe, ikaja kuibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ilikuwa ya mvuke, miaka ya 1970 ikawekewa injini za dizeli. Mwili ni uleule, injini zilibadilika.

Somo ni kwamba siku ya kubadilisha injini itafika tu. Swali ni siku hiyo itakugharimu nini. Kwa ya nje, unafungua bolti, unaning'iniza nyingine, hata ya kampuni tofauti, hata ya nguvu tofauti kidogo, mradi mbao ya nyuma inaihimili. Kwa ya mguu, injini mpya lazima ikubaliane na mguu, mguu ukubaliane na tundu, na tundu likikataa unaanza kuziba na kukata upya ukuta wa nyuma. Watu wengi wakifika hapo wanaiacha boti ufukweni inakuwa banda la kuku.

SABABU YA NNE: MAJI MAFUPI NA UPEPO

Sehemu nyingi tunazopakia mzigo hazina gati. Ni mchanga na mawe. Tena miaka ya 2020 na 2021 maji ya ziwa yalipanda, sehemu walizozoea watu zikabadilika. Mashine ya nje inainuka juu kabisa, boti inasogea mpaka mzigo unapakuliwa bila magunia kulowa. Ya mguu nayo inainuka kiasi, lakini sehemu yake kubwa inabaki majini.

Halafu upepo. Miezi ya kiangazi, kuanzia kama Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapiga sana upande huu wa kusini wa ziwa. Ukiwa na mashine moja na imezima katikati ya mawimbi, huna cha kufanya. Boti ya mashine ya nje unaweza kuifungia ya pili ndogo pembeni, ya akiba, hata ya HP 8 au 15. Haitakufikisha haraka, lakini itakugeuza uso kwenye mawimbi na kukurudisha ufukweni. Mimi naiweka kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kabla ya viti na kabla ya redio.

SASA TUPIGE HESABU YA MAFUTA

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kipimo cha haraka ni hiki: mashine ya petroli ikikanyagwa mwisho inakula karibu lita 4 kwa saa kwa kila HP 10. Zile za zamani za kuchanganya oili kwenye petroli zinaweza kuzidi hapo. Dizeli inakula kama lita 2 na kidogo kwa kila HP 10.

Kwa hiyo HP 40 ya petroli ni kama lita 16 kwa saa. Tuseme safari ni saa 3 kwenda na saa 3 kurudi: lita 96 kama umekanyaga muda wote. Ukipunguza mwendo, zinashuka sana.

Sasa zile boti za pichani. Injini zake za mguu mara nyingi zinaanzia HP 130 na kupanda, maana zilijengwa kukimbia na kuvuta watu wa kuteleza juu ya maji. HP 200 ikikanyagwa mwisho ni lita 80 kwa saa. Safari ileile, hata ukiiendesha kwa nusu ya mafuta hayo, ni lita 240. Chukua bei kikomo ya EWURA ya mwezi huo, uongeze kinachozidi kwa mafuta yanayouzwa kwa dumu mwaloni, halafu zidisha. Linganisha na faida ya gunia lako la dagaa. Jibu utalipata mwenyewe.

Tuwe wakweli hapa: mashine ya nje ya HP 200 nayo inakula vilevile. Tofauti ni kwamba kwenye ya nje una uhuru wa kuchagua ndogo tangu mwanzo. Na tuwe wakweli tena: ukiweka HP 40 kwenye boti nzito ya sitaha haitapaa juu ya maji, itakwenda taratibu. Ukitaka iende vizuri na mzigo wa kiasi, chagua boti nyepesi, au panda kwenye mashine ya mipigo minne ya HP 60 au zaidi, ambayo inakula kidogo kuliko za kuchanganya oili na haina moshi. Bei yake ya kununua iko juu. Ya kuchanganya oili ni nafuu kununua na rahisi kutengeneza mwaloni. Angalia utaiendesha saa ngapi kwa mwezi. Ukiendesha kila siku, ya mipigo minne inarudisha tofauti yake kwenye mafuta. Ukiendesha mara mbili kwa mwezi, ya zamani inatosha.

UNANUNUA KWA PICHA? SOMA HAPA MARA MBILI

Hii sehemu ni yetu sisi wa mtandaoni, wanunuzi na wauzaji.

1. Namba ya mashine. Kila mashine ya nje ina kibao cha namba kwenye bano la kufungia. Omba picha ya karibu ya kibao. Kimefutwa au kimechubuliwa? Achana nayo. Mashine za wizi zinauzwa mtandaoni, na mwenyewe akiitambua, wewe ndo utakayeulizwa. Dai risiti, na kama ni mkononi kwa mtu, andikishaneni mbele ya serikali ya mtaa au kijiji kukiwa na mashahidi. Na wewe unayeuza, weka picha ya kibao mwenyewe kabla hujaombwa. Mteja makini atakuamini hapohapo.

2. Imefanya kazi wapi? Ziwa letu ni maji baridi. Mashine iliyotumika Dar, Tanga au Zanzibar imekunywa chumvi. Nje inaweza kung'aa kwa rangi mpya huku njia za maji ndani zimeliwa. Omba plagi zifunguliwe, bolti zijaribiwe kama zinageuka, na maji ya kupooza yaonekane yanatoka kwa nguvu. Iliyofanya kazi ziwani, hata ikiwa na mikwaruzo, mara nyingi ni afadhali.

3. Urefu wa mguu. Kuna fupi ya mbao ya nyuma ya inchi 15 na ndefu ya inchi 20. Ukikosea, propela inakata hewa au inaburuta chini. Pima boti kwanza, ndipo uulize bei. Muuzaji, andika urefu kwenye tangazo, utapunguza maswali nusu.

4. Majaribio kwenye pipa. Sumbawanga tuko kama meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama meta 770. Injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300. Maana yake huku mjini imepungukiwa karibu asilimia 18, ziwani karibu asilimia 8. Mashine ikijaribiwa kwenye pipa huku juu ikasikika mzito kidogo, usiikatae haraka, na pia usikubali fundi abadilishe mipangilio yake huku juu halafu ishuke nayo ziwani. Irekebishwe itakakofanyia kazi. Na HP zilizoandikwa kwenye kofia usizipigie hesabu zote.

5. Vipuri vya kughushi. Plagi na pampu za bei ya kutupa zinakuja zimeandikwa jina kubwa. Cha rahisi ghali. Muuzaji, kama ni ya kuiga sema ni ya kuiga. Mteja akikwama majini na bidhaa yako, hatoi nyota moja, anatoa jina lako mwaloni kote.

WIZI, NA NINI UFANYE

Nimekubali kwamba mashine ya nje inaibiwa kirahisi. Sikimbii hoja. Wavuvi wana dawa ya kale: mashine hailali kwenye boti, inalala nyumbani. Ongeza kufuli la bano, chora alama yako ya siri sehemu isiyoonekana, tunza picha ya kibao kwenye simu za watu watatu wa familia. Hizo ni kazi za kila siku, na zinachosha. Lakini usumbufu wa kuibeba mashine kila jioni ni mdogo kuliko wa kungoja mpira wiki sita huku wateja wanakuandikia "mzigo wangu uko wapi?"

KWA NINI NIMEKAZA HIVI

Fikiria familia imechanga. Mama ametoa mtaji wa duka la mtandaoni, kaka ameuza ng'ombe, dada amekopa kwenye kikoba. Wateja wa Dodoma wameshalipa kwa simu, migebuka iko Kirando imekaushwa, boti ya familia imelala ufukweni kwa sababu ya kifaa kimoja cha mpira. Basi linaondoka bila mzigo. Siku ya kwanza unaomba radhi, siku ya tatu unarudisha hela, wiki ya pili watu wamehamia kwa muuzaji mwingine. Kikoba nacho hakiulizi habari za mpira, kinauliza rejesho.

Kwa hiyo usipime boti kwa bei ya kununua. Pima kwa swali moja: ikigoma leo, itarudi kazini baada ya siku ngapi? Ya nje mara nyingi inajibu kwa siku. Ya mguu huku kwetu inaweza kujibu kwa miezi. Swali hilohilo linafaa kwa jokofu lako, kwa pikipiki yako ya kusambaza, hata kwa simu unayofanyia kazi.

Na boti isitegemee kitu kimoja. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Aliyepanga rejesho la boti kwa dagaa peke yake alibanwa miezi mitatu. Mwenye boti ya kubeba watu na bidhaa za duka alikuwa na cha kufanya. Panga kalenda yako hivyo tangu mwanzo.

NANI ASINISIKILIZE

Kama kazi yako ni mizigo mizito kila siku, tani kwa tani, mwendo wa taratibu, basi ya nje siyo saizi yako. Chukua boti ya mbao yenye dizeli ya ndani na fimbo ya moja kwa moja. Mafuta yake yanakaa, injini yake inavumilia, na mafundi wake wapo. Dizeli pia haitoi mvuke wa hatari kama petroli.

Na kama una hela ya kutosha, una gati lako, una fundi wako wa mshahara, na boti ni ya starehe tu, ya mguu itakufurahisha. Sina ugomvi na wewe. Ila huo si mtaji wa kikoba.

KABLA HUJATUMA HELA

Tenga fungu la mashine ya akiba, maboya ya kuvaa kwa kila mtu na saizi za watoto ziwepo, makasia mawili, simu kwenye mfuko usioingia maji, na vipuri vya mwanzo: plagi, pini za propela, kamba ya kuwashia. Boti ndogo za kubeba watu zinakaguliwa na kusajiliwa kupitia TASAC, kwa hiyo waulize masharti kabla ya kununua, siyo baada. Nahodha awe mtu anayelijua ziwa, hata kama mwenye hela ni wewe.

Ukiona tangazo la boti nzuri ya bei ya chini, muulize muuzaji maswali mawili tu: "Mashine inafunguka?" na "Vipuri vyake nitapata wapi nikiwa Kirando?" Akianza kukuambia habari za viti na redio, funga simu, chai yako isipoe.

Mtumie na mwenzako anayechanga na nduguze kununua boti. Biashara njema, wadau.